Tupeane uzoefu: unatulizaje roho ukisubiri majibu ya tezi ya shingo?

Mzizi wa Shingo
Wakuu, kila wiki kuna mtu anaibuka saa nane za usiku anauliza, "TSH yangu ni 0.1, nimekwisha?" Mmoja anamtisha, mwingine anamwambia aende kusali, uzi unazama, na yeye anabaki anaangalia dari. Tukusanye mahali pamoja. Sharti langu moja: njoo na kitu cha kushika. Kipimo gani, siku ngapi, ufanye nini, usiguse nini. Pole tumeshapeana za kutosha.

Naanza na kusubiri kwenyewe, maana hakuko kwa aina moja. Majibu ya damu (TSH, inayoiamuru tezi ya shingo; T4 huru na T3, homoni za tezi yenyewe) mara nyingi hutoka ndani ya siku chache. Ultrasaundi picha ni papo hapo, ripoti hufuata. Sindano ya kunyonya chembe kwenye uvimbe wa tezi, majibu ni siku kadhaa, pengine wiki moja mpaka mbili. Inayowauma watu zaidi ni ile ya "rudi baada ya wiki sita tupime tena". Mtu anatoka pale akihisi amefukuzwa. Hajafukuzwa. T4 iliyomo mwilini hupungua nusu kwa takriban siku 7, na TSH, ile amri inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, huchelewa zaidi kutulia. Ukipima baada ya siku 10 unapima kitu ambacho bado kiko njiani.

Kabla hujatoka kwa daktari uliza matatu: majibu yanatoka lini, nani atanijulisha, na nisipojulishwa nimpigie nani. Andika hapo hapo mbele yake. Nusu ya wasiwasi wa watu ni kutojua kama simu iliyo kimya ni habari njema au faili limepotea.

Bi Kimya
Hapo pa simu kimya umegonga penyewe.

Hodari wa Methali
Subira yavuta heri, ndugu zangu.

Mzizi wa Shingo
Sawa mkuu, ila iulize hiyo heri inakuja tarehe ngapi.

Sindano Nyembamba
Niseme la sindano, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoishiwa nguvu, na wengi wanaogopa kitu wasichokijua. Picha waliyo nayo kichwani ni ya sindano ya kushonea magunia. Inayotumika kwa kawaida ni ya geji 25 au 27, yaani nyembamba kama au kuliko ile ya kutolea damu mkononi. Unalazwa chali, mto unawekwa chini ya mabega ili shingo ifunguke, ngozi inasafishwa, wengine wanapigwa ganzi na wengine hapana kwa sababu ganzi yenyewe ni sindano. Daktari anaitazama ncha kwenye ultrasaundi. Anachoma mara 2 mpaka 5, kila mara ni sekunde chache. Masharti kwako ni mawili tu wakati ncha iko ndani: usimeze, usiseme. Ukitaka kukohoa, inua kidole kabla. Mweleze kabla ya kuanza kwamba utatumia kidole, asije akashangaa.

Kibaya zaidi si kuchomwa, ni kulala pale shingo wazi ukihisi unasukumwa koo. Kusukumwa huko ni kwa kifaa cha ultrasaundi, si uvimbe unaokua. Mtu akijua hilo mapema anatulia.

Baada ya hapo bonyeza pamba dakika 5 mpaka 10. Michubuko na maumivu kidogo ukimeza kwa siku moja mbili ni kawaida, parasetamoli inatosha. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme siku anapopangiwa, asiziache kwa akili yake. Na shingo ikivimba haraka au pumzi ikibana, hiyo haisubiri asubuhi.

Halafu majibu. Yanakuja kwa madaraja sita yaitwayo Bethesda. La 1 ndilo linalotia watu kiwewe: "sampuli haitoshi". Watu wanasoma hapo kwamba daktari ameficha kitu. Maana yake ni hesabu tu: msomaji wa vioo kule maabara anahitaji angalau mafungu 6 ya chembe za tezi, kila fungu lenye chembe 10 au zaidi zinazoonekana vizuri. Uvimbe wenye maji mengi hutoa maji badala ya chembe, kwa hiyo unarudiwa. La 2 ni uvimbe usio wa saratani. La 3 ni "haijulikani bado", nalo mara nyingi hurudiwa sindano au hupimwa vinasaba. La 6 ndilo saratani. Mtu akikwambia "nimepata tatu kati ya sita, nusu ya saratani", msahihishe. Si maksi za mtihani.

Kichwa Moto
Kwa hiyo nisimeze mate dakika nzima? Mimi nikiambiwa nisimeze ndipo mdomo unapogeuka mto.

Sindano Nyembamba
Sekunde, bwana, sio dakika. Meza kati ya mchomo na mchomo.

Fundi wa Maabara
Uzi huu umenikumbusha kisa kinachowachanganya hata madaktari. Kaeni chini.

Mgonjwa anakuja na karatasi: TSH iko chini kabisa, T4 juu, T3 juu, hata kingamwili za Graves, ugonjwa wa kinga ya mwili kuichochea tezi kupita kiasi, zinasoma ndiyo. Kwa karatasi, tezi inawaka moto. Ameshaambiwa ajiandae kwa dawa za kuizima. Siku tatu hajalala, ameshagawa vitu vyake kichwani, huyu apewe hiki, yule kile. Ukimtazama: mapigo 68, mikono haitetemeki, uzito haujapungua, ngozi kavu ya kawaida. Mwili na karatasi havisemezani. Anaulizwa kwa mara ya nne, "unameza nini?" Anasema hamezi dawa yoyote. Kwa mara ya tano, "hata vya nywele na kucha?" Aa, hivyo ndiyo, kidonge kimoja kila asubuhi. Kinatolewa mkobani: vitamini ya bayotini, miligramu 10.

Mwili unahitaji bayotini kama mikrogramu 30 kwa siku. Miligramu 10 ni zaidi ya mara 300. Na mashine nyingi za kupima homoni zinatumia hiyo hiyo bayotini kama gundi ndani ya kipimo. Ikijaa kwenye damu inaziba gundi, basi TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na T4 inasomeka juu kuliko ilivyo. Ugonjwa mzima umetengenezwa na kidonge cha nywele! Akaacha, akarudia, kila kitu kikawa sawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya hili mwaka 2017, na bado watu hawaulizwi.

Nywele Ndefu
Ngoja kwanza. Hicho kidonge ninacho. Niache siku ngapi?

Fundi wa Maabara
Angalau siku mbili kabla ya damu. Dozi kubwa, muulize daktari, huenda akataka zaidi.

Mtaalamu wa Bure
Siku mbili ni chache. Wiki nzima ndiyo salama.

Fundi wa Maabara
Wiki kwa dozi ipi, mkuu? Miligramu 5 na miligramu 100 si kitu kimoja. Tusiwatishe watu waahirishe kipimo bure.

Mtaalamu wa Bure
Mimi simtishi mtu. Wewe ndiye umeleta hadithi ya kugawa mali.

Bi Kimya
Nyote wawili mmesema kweli, dada yangu bado anasubiri jibu. Nywele Ndefu, acha leo, waambie maabara ulikuwa unameza kiasi gani, tosha.

Asubuhi na Mapema
Ongezeni: damu itolewe asubuhi. TSH hupanda usiku na hushuka alasiri. Ukipima leo saa mbili asubuhi na mara nyingine saa tisa alasiri, utalia kwa tofauti ambayo ni ya saa tu. Na anayetumia levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, asimeze mpaka damu itoke, ameze baadaye.

Kichwa Moto
Na kufunga je? Mimi niliambiwa njaa ni lazima.

Asubuhi na Mapema
TSH haihitaji ufunge. Linalohitajika ni saa ile ile, maabara ile ile. Kila maabara ina mipaka yake, nyingi ziko karibu na 0.4 mpaka 4.0, kwa hiyo usilinganishe karatasi yako na ya jirani. Na kama una homa kali au umetoka kulazwa, sema. Ugonjwa mwingine wowote mzito huyumbisha TSH bila tezi kuwa na kosa.

Mama Tulia
Mmenena vipimo, hamjagusa wasiwasi wenyewe, na ndio mada.

La kwanza mjue: tezi ikifanya kazi kupita kiasi, wasiwasi ni dalili kama jasho lilivyo dalili. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukatika, hasira za ghafla. Mtu anajilaumu kuwa ana imani ndogo, kumbe ni homoni. Ikifanya kazi chini ya kiwango, inakuja kinyume: uzito wa moyo, uvivu, kutotaka kuona watu. Kwa hiyo ukienda kwa daktari usiseme "nina wasiwasi" tu. Peleka hesabu. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo sekunde 60 kamili, andika. Kwa mtu mzima aliyepumzika, 60 mpaka 100 ni kawaida. Ukiona zaidi ya 100 asubuhi kadhaa mfululizo, hiyo siyo hofu yako, ni taarifa, na kuna dawa za kushusha mapigo anazoweza kukupa hata kabla majibu hayajakamilika. Mwambie kama una pumu, maana baadhi yake hazifai. Kahawa punguza kwanza, hilo halihitaji cheti.

Jambo la pili, mipaka. Chagua dakika 15 za siku, saa ile ile kila siku, kwa mfano saa kumi na moja jioni, zisiwe karibu na kulala. Hizo ndizo za kuhangaika. Kaa na daftari, andika kila baya linalokujia. Wazo likija saa nne asubuhi, liandike neno moja na uliambie lisubiri zamu yake. Siku za mwanzo halitii. Baada ya wiki linaanza kuzoea.

Usiku ukikushika: vuta pumzi kwa kuhesabu 4, itoe kwa kuhesabu 6, dakika tano. Kinachotuliza ni kutoa kurefu kuliko kuvuta. Ukivuta kwa nguvu kama unapuliza moto utapata kizunguzungu na utasema tezi imekuua.

Kaka Mkavu
Au zima simu ulale. Bure kabisa.

Mama Tulia
Haya mwanangu, na wewe siku yako ikifika tutakuzimia.

Nywele Ndefu
Kinundu changu nakigusa kila saa, nahisi kinakua.

Sindano Nyembamba
Acha kukigusa, dada. Ukikibonyeza mara ishirini kwa siku nyama za pale zinauma, zikiuma unahisi uvimbe, ukihisi uvimbe unabonyeza. Vidole havipimi milimita, ultrasaundi inapima. Ukishindwa, jipe siku moja kwa wiki mbele ya kioo, na glasi ya maji: meza, tazama, maliza.

Msoma Ripoti
Na hiyo ripoti ya ultrasaundi isomeni, msiogope. Tafuta TI-RADS, yaani daraja la kinundu kwa jinsi kinavyoonekana kwenye picha, na ukubwa. Kwa mpangilio wa wataalamu wa radiolojia wa Marekani wa 2017, daraja la 3 hupendekezwa sindano likifika sentimita 2.5, la 4 sentimita 1.5, la 5 sentimita 1. Kwa hiyo "tutaangalia tu" kwa kinundu cha daraja la 3 chenye sentimita 1.2 ni kanuni, sio uzembe. Vinundu ni vingi mno kwa watu wazima, na zaidi ya 90 kwa kila 100 si saratani.

Kaka Mkavu
Napinga. Mtu wa kawaida asisome ripoti. Akiona "kingo hazieleweki" hali chakula tena.

Msoma Ripoti
Na asiposoma anabuni mwenyewe, na anachobuni ni kibaya kuliko kilichoandikwa.

Kaka Mkavu
Basi asome mchana, na mtu pembeni. Si usiku peke yake.

Msoma Ripoti
Hapo tumekutana.

Hodari wa Methali
Mficha maradhi kifo humuumbua. Waambieni watu wa nyumbani.

Bi Kimya
Ukiwaambia wote, kila jioni unajibu simu kumi za "majibu vipi?" Chagua mmoja, yeye ndiye awe msemaji.

Mzizi wa Shingo
Na kwa wale wanaoogopa neno lenyewe: saratani ya tezi iliyo ya kawaida zaidi hukua polepole kiasi kwamba Hospitali ya Kuma, Kobe, Japani, ilianza mwaka 1993 kuziangalia tu zile ndogo chini ya sentimita 1 badala ya kukimbilia kukata. Korea Kusini nako, watu walipopimwa shingo kwa wingi, wagonjwa waliogunduliwa mwaka 2011 walikuwa kama mara 15 ya wale wa 1993, na vifo havikubadilika. Wiki mbili za kusubiri majibu ya kinundu cha aina hiyo haziharibu kitu.

Ila zisizosubiri zipo: sauti iliyokwaruza wiki kadhaa bila mafua, uvimbe unaokua kwa siku chache, pumzi inayopiga mluzi. Homa kali na moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa kwa mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ni dharura ya saa hiyo.

Mtaalamu wa Bure
Wakati wa kusubiri mtu ameze vidonge vya iodini aipe tezi nguvu.

Fundi wa Maabara
ASIMEZE. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Vidonge vya mwani vinaweza kuwa na mara nyingi ya hiyo, na ikizidi inaweza kuiwasha tezi au kuizima, na pia inaharibu kipimo cha skani.

Mtaalamu wa Bure
Nimekubali hiyo moja.

Nywele Ndefu
Nikipiga simu Alhamisi wakaniambia "bado", nijibu nini?

Mzizi wa Shingo
Uliza bado iko wapi. Sampuli haijafika, imefika haijasomwa, au imesomwa inangoja sahihi? Na upewe jina la aliyekujibu.

Nywele Ndefu
Haijafika, haijasomwa, haijasainiwa. Nimeandika.