Mrejesho: nguzo ya sola juu ya jabali

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nisimamisheje nguzo ya paneli nne hapa kwangu Mwanza, maana shimo liligoma kwenye sentimita 40. Chini ni jabali tupu. Wengine mlisema niuchome mwamba kwa moto upasuke, kama wafanyavyo wapasua kokoto. Sikuthubutu, nyumba iko hatua sita tu.

Nilifuata ushauri wa kutoboa. Tulikodi drili kubwa ya nyundo, tukatoboa matundu manne ya sentimita 30, tukapachika nondo za milimita 16 zilizochongwa meno ya nati. Kilichotuchosha ni vumbi: pampu ya baiskeli, brashi, pampu tena, kwa sababu gundi ya epoksi, ile inayoshikilia nondo ndani ya mwamba, haishiki penye vumbi. Juu yake bamba la chuma lililochomelewa nguzo ya inchi 4, halafu zege kuzunguka kitako.

Paneli zinatazama kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hivi, mvua izioshe. Upepo wa ziwani umeshaijaribu mara mbili, haikutikisika. Nati nilizikaza tena baada ya wiki. Na yule aliyesema sentimita 40 za zege zinatosha, mkuu, hapana!