Dramu za "When the Levee Breaks" zilirekodiwaje? Wajuzi wa studio njooni

biti_kali
Habari za mda huu wakuu. Naomba msaada kwa mnaojua mambo ya studio. Kuna huu wimbo wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, wa 1971, ule unaofunga albamu yao ya nne, dramu zikianza tu yani kifua kinatikisika, halafu zina nafasi kubwaa. Mimi narekodi kila ngoma na maiki yake, napata sauti safi ila imepooza. Wale jamaa kompyuta hawana, plagini (zile programu za kurekebisha sauti) hawana, walifanyaje?

mzee_wa_santuri
Mkuu utashangaa, ni maiki mbili tu. Walikuwa kwenye nyumba moja ya zamani huko Hampshire, Uingereza, inaitwa Headley Grange, na nje wamepaki gari la studio la Rolling Stones. Mpiga dramu wao John Bonham akapanga dramu zake chini pale mlangoni, ngazi zinapoanzia, juu yake kuko wazi mpaka ghorofa za juu. Fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza maiki mbili za Beyerdynamic M160 huko juu kwenye ngazi zikielekea chini, basi, kiki (ile ngoma kubwa ya kupiga kwa mguu) haikuwekewa maiki yake. Kwahiyo unachosikia pale ni pigo pamoja na nyumba nzima.

Na wimbo wenyewe asili yake ni bluzi ya Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie ya 1929, inahusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Ukijua hilo ndo unaelewa kwanini dramu zinatembea kwa uzito vile, kama maji yanayopanda taratibu na hakuna wa kuyazuia.

gita_kavu
Mzee kamaliza kuhusu maiki ila kazi haikuishia hapo. Sauti ilipitishwa kwenye Binson Echorec, mashine ya eko ya Kitaliano, sikiliza vizuri kiki utasikia kila pigo lina mwenzake linalofuata nyuma. Halafu wakaibana kwa nguvu na kompresa, mashine inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, na kompresa ikibana hivyo pigo linashushwa, ule mwangwi mdogo wa nyuma unapanda, ndo maana unahisi kama nyumba inapumua kati ya pigo na pigo.

Kingine ambacho wengi hawakijui, tepu ilipunguzwa spidi. Walipiga haraka kidogo kuliko unavyosikia, ilivyopunguzwa sauti ikawa nzito, hasa gita na harmonika. Na ile harmonika ya mwimbaji wao Robert Plant ina eko ya kinyume, yani unageuza tepu, unarekodi eko, unaigeuza tena, kwahiyo eko inatangulia na sauti inafuata. Mpiga gita wao Jimmy Page ndo alikuwa produsa na hiyo mbinu aliipenda sana. Kwangu mimi hakuna dramu za roki zilizorekodiwa vizuri kuliko hizi, kundi la rap la Beastie Boys walizikata wakazitumia kwenye wimbo wao 1986 na mpaka leo watu bado wanazisampo, yani wanakata kipande na kukitumia kwenye nyimbo zao.

biti_kali
Asanteni sana wakuu, nimesikiliza tena na hedifoni ile kiki ya pili naisikia kabisa. Sasa nikining'iniza maiki mbili sebuleni kwangu itatoka?

mzee_wa_santuri
Sebule yenye makochi, mapazia na zulia itakumezea sauti yote ndugu yangu. Tafuta kwenye sakafu ya saruji na ukuta mtupu, ngazi za jengo ambalo halijaisha ni nzuri sana, omba ruhusa tu. Toa mto ndani ya kiki, ngozi zikaze, Bonham alikuwa anakaza na kiki yake ilikuwa ya inchi 26. Halafu kubwa zaidi ni mpigaji, maana kwa maiki mbili huwezi kuja baadae ukapandisha sneya (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) peke yake au ukashusha matoazi, mizani yote inatoka mikononi na miguuni kwake. Akiyagonga sana matoazi yanafunika kila kitu. Anza na maiki juu kabisa, rekodi kidogo, sikiliza, shusha kidogo, rekodi tena, hadi kiki isikike vizuri. Ukipata tupia hapa tusikie.