Seli shina kwa mapafu ya mtoto njiti: je, ni tiba iliyothibitishwa?

Mama Njiti
Shikamooni wakubwa zangu. Mwanangu alizaliwa na wiki 26 za ujauzito, na sasa ametimiza wiki 10 bado yuko kwenye oksijeni. Kila kimrija cha puani kinapoteleza, namba kwenye mashine hushuka na midomo yake hugeuka rangi. Madaktari wamesema ni ugonjwa sugu wa mapafu ya njiti. Shemeji ameniletea tangazo la kliniki ya nje inayouza seli shina, yaani seli changa zenye uwezo wa kuzaa seli za aina nyingine, nasi tumeanza kufikiria kuuza kiwanja. Naomba mwenye ujuzi anieleze ukweli.

Daktari wa Watoto
Pole sana, mama, na hongera kwa kumlea hadi hapo. Njiti huzaliwa kabla vifuko vya hewa havijamaliza kujengeka, kisha mashine na oksijeni, ambavyo ndivyo vinavyomwokoa, huyajeruhi mapafu hayo machanga. Kuhusu seli shina, madaktari wa Seoul, Korea Kusini, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya njiti 9 waliowekewa, kupitia mrija wa kupumulia, seli zilizotokana na damu ya kitovu: watatu milioni 10 kwa kila kilo ya uzito, na sita milioni 20. Walizivumilia vizuri, nasi tulifurahi. Hata hivyo, jaribio lililofuata, la watoto 66, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, halikuonyesha kwa ujumla tofauti ya uhakika katika vifo wala katika ugonjwa wa kiwango cha kati na kikali. Nafuu ilijitokeza kwa waliozaliwa wiki ya 23 na 24 tu, na kundi hilo ni dogo mno kutolea uamuzi. Zaidi ya hayo, walipewa seli wakiwa na siku 5 hadi 14. Mwanao amekwishapita umri huo. Tafadhali, msiuze kiwanja.

Muuguzi wa Wodi ya Njiti
Naongezea kwamba neno "kupandikiza" seli shina linawapotosha wazazi wengi, kwa kuwa seli hizo hazigeuki kuwa pafu jipya, bali hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe kisha hutoweka. Dada, mkamulie maziwa, fuatilia uzito wake kila wiki, maana pafu hukua pamoja na mwili, na moshi wa mkaa usimfikie kabisa.

Mama Njiti
Asanteni sana. Leo asubuhi amefika kilo 1.9. Shemeji nitamweleza jioni.