MJADALA: Magari ya kale yasamehewe kupimwa moshi California?

Mleta mada
Wakuu, nina Pontiac Firebird Trans Am ya 1978, mwaka wa 17 huu iko mikononi mwangu. Niliipata sakafu imeliwa na kutu na panya wamezaa kwenye kiti cha nyuma. Kuchomelea bodi nimefanya mwenyewe, giaboksi nimeshusha mara mbili, breki, springi na taa nimebadilisha kidogo kidogo kila nilipopata hela. Ni gari la maisha yangu.

Kwa wasiofahamu: hapa California gari la petroli la 1976 kuja mbele, ukiacha yale mapya kabisa, linapimwa moshi kila baada ya miaka 2. La 1975 kurudi nyuma halipimwi kabisa. Mwaka 1997 jimbo liliweka sheria kwamba gari likifikisha miaka 30 linaachwa. Mwaka 2004 ikafutwa, na mstari wa kupimwa ukagandishwa kwenye 1976. Mwaka 2025 mchekeshaji Jay Leno, mwenye magari ya kale tele, alikwenda mwenyewe Sacramento, makao makuu ya jimbo, kutetea muswada wa kusamehe magari ya miaka 35 na zaidi yenye bima maalumu ya magari ya kale. Seneti iliupitisha, ukafia kwenye kamati ya matumizi ya baraza la pili mwezi Agosti.

Sasa yangu. Mara ya mwisho moshi ulipita vizuri kabisa. Fundi akafungua boneti, akamulika tochi, akakuta nimetoa kabureta na kufunga mfumo wa kisasa wa kupuliza petroli. Akatafuta stika ya kibali cha jimbo, hakuiona. Nikafelishwa hapo hapo. Wakati huohuo jirani yangu ana Trans Am ya 1974, injini ya 455 (inchi za ujazo), haina masega ya kusafisha sumu kwenye ekzosi, ukipita nyuma yake macho yanawasha, na haijawahi kupimwa. Chafu iko huru, safi ndiyo inasumbuliwa. Nasema msamaha urudi. Mnasemaje?

Mchangiaji, Fresno
Kaka, nakuheshimu kwa kazi ya mikono yako, lakini sikubaliani na wewe. Bonde letu la San Joaquin limezingirwa na milima pande tatu. Hewa chafu ikiingia inakaa, kama moshi kwenye jiko lisilo na dirisha. Binti yangu ana pumu. Shuleni kwao hupandisha bendera ya rangi kulingana na hewa ya siku hiyo, na ikiwa nyekundu nampakia pampu mbili kwenye begi badala ya moja. Gari jipya la leo ni safi kwa asilimia 98 hadi 99 kuliko la miaka ya 1960 kwa sehemu kubwa ya sumu za ekzosi. Hiyo haikuja kwa hiari ya viwanda, ililetwa na sheria. Halafu la zamani linachafua hata likiwa limeegeshwa, petroli inafuka kwenye kabureta na tangi. Unataka tuache kuyaangalia?

Mchangiaji, Long Beach
Mimi ni fundi, kazi yangu ni hii hii ya kupima. Niseme mambo mawili.

Mleta mada, ule msamaha wa miaka 30 ungebaki, leo hata Camry za katikati ya miaka ya 1990 zingekuwa huru. Hizo hazitunzwi na mtu kwa mapenzi. Zinaendeshwa kila siku, masega yameshakufa, na ndizo ninazofelisha sana.

La pili, njia unayoitafuta ipo. Gari lenye miaka 35 na bima ya magari ya kale, unalipeleka kwa mwamuzi wa jimbo. Anapima moshi, kifuniko cha tangi na kama petroli inavuja. Vipuri vya chini ya boneti hakagui. Wengi hawaijui, wanakuja kugombana na sisi tusio na mamlaka hayo.

Mchangiaji, Mombasa
Huku Kenya gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliingii nchini, liwe safi ama chafu. Nyinyi angalau mnapimwa. Mimi ningetamani tupimwe kuliko kuhesabiwa umri.

Mleta mada
Fundi, ahsante sana. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia habari ya mwamuzi. Ila tatizo ni hiyo bima. Niliyoulizia inataka niwe na gari jingine la shughuli za kila siku, na hili nisiende nalo kazini. Ijumaa huwa naenda nalo. Nawasha saa kumi na moja alfajiri, naliacha lipate joto, mlinzi pale getini ananisikia kabla hajaniona. Ijumaa hizo ndizo zinaniuma.

Dada wa Fresno, la petroli kufuka sikuwa nimelifikiria, na nakubali tangi likaguliwe. Lakini hujanijibu habari ya jirani yangu.

Mchangiaji, Fresno
Nakujibu. Naye apimwe. Ukisema lako linaonewa kwa sababu la 1974 limeachwa, dawa ni kulipima la 1974, si kuliachia la 1978.

Mchangiaji, Long Beach
Hapo mtapigana na wenye magari wote wa jimbo hili. Lile la 1974 lilipotoka kiwandani halikuwa na masega, utalipima kwa kiwango gani? Kila mwaka wa gari una kiwango chake. Na mleta mada ajue, Trans Am zilizouzwa California mwaka 1978 zilifungwa injini ya Oldsmobile ya 403 kwa sababu ile ya Pontiac ya 400 haikufikia viwango vya hapa. Gari lako lenyewe limeumbwa na sheria hii.

Mleta mada
Najua, hiyo 403 ndiyo ninayo, farasi 185 za kiwandani. Basi jirani apimwe kwa kiwango cha mwaka wake, na mimi cha mwaka wangu, moshi na tangi tu, bima yoyote ile. Stika zisihesabiwe. Hapo natoa sahihi yangu, na ule msamaha nauacha.

Jumatatu nampigia mwamuzi. Gari litakwenda kwa trela, usajili umeshaisha.