AMENIFUTIA PRUVU UBAONI HAIJAISHA, MBELE YA DARASA ZIMA!!!

Wakuu, mkono bado unatetemeka na chaki ipo kwenye kucha. Nimetoka kipindini sasa hivi, naandikia hapa hapa kwenye vimbweta vya nje ya idara.

Mnamjua. Jina sitaji, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) inakuja na mwandiko wangu anaujua. Yule wa koti la kaki, anayefunga mlango saa moja kamili utadhani analinda benki kuu, mwenye madesa yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi. Hakuna mtu aliyepita idara ya hesabu na sayansi akatoka bila kovu la huyu mtu.

Leo kauliza nani aonyeshe kwamba 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea inadaivaji, yaani jumla inakua bila kikomo. Darasa kimya, hata feni iliogopa kuzunguka. Nikanyoosha mkono, maana hii kitu naipenda kutoka moyoni. Nikaandika. Mabano ya kwanza, 1/3 na 1/4, inazidi 1/4 + 1/4, yaani nusu. Mabano ya pili, 1/5 mpaka 1/8, vipande vinne na hakuna kilicho chini ya 1/8, nusu nyingine. Naanza mabano ya tatu, 1/9 mpaka 1/16, nimeshaandika 1/9, AKAFUTA.

Siyo kwa dasta. Dasta ilikuwa mezani. Kwa mkono wa koti! Kaanzia mwisho wa ubao akaja mpaka chaki yangu ilipo, ikabidi nitoe vidole. Halafu: "Kaa chini binti, hesabu siyo kusuka."

Wakuu, akafuta! Nimesimama pale, chaki mkononi, mabano ya tatu hayajafungwa!

Kisha kaandika yeye. Integresheni ya 1/x, ikatoka ln x, ln x inakwenda bila kikomo, kwa hiyo inadaivaji. JIBU LILE LILE. Integresheni siikatai, ni njia nzuri. Lakini yangu kosa lake nini? Haimo kwenye madesa, basi. Pruvu ile ni ya Nicole Oresme, Mfaransa wa karne ya 14, kabla Newton na Leibniz hawajazaliwa. Imesimama zaidi ya miaka 600, imekuja kufutwa na koti la kaki saa moja na nusu asubuhi.

Na nyie wavulana wa mstari wa nyuma mliocheka, mnajijua. Madesa yangu ya aljebra msiyaombe tena mpaka mhitimu.

AMEFUTA KWA KOTI!

*

Mzee wa Sapu: Pole dada. Mimi huyo huyo alinirudishia testi kachora mstari mwekundu kuanzia juu mpaka chini, hakusoma hata swali la kwanza. Nimesapu kwake mpaka mlinzi wa idara ananisalimia kwa jina.

Kombi_PCM: Naunga mkono hoja. Ile "hesabu siyo kusuka" alimwambia pia dada yangu miaka ya nyuma. Dada yangu leo anafundisha Advansi na watoto wake wanafaulu.

Ngongoti: Uzi wote huu kwa ajili ya ubao? Ubao ni mali ya chuo, chaki ya chuo. Ungejibu kwa madesa yake ungekuwa umeshakunywa chai.

Chaki Kwenye Kucha (mleta uzi): Ngongoti wewe ni wa mstari wa nyuma, nimekujua. Mabano ya tatu hayakufungwa!

Lulu ya Pili: Mbona mimi nimejumlisha kwenye Excel vipande milioni moja na sijafika hata 15? Hiyo kitu inaganda mahali, lekchara na mleta uzi wote wamedanganya.

Kombi_PCM: Lulu, milioni moja inakupa 14.39, ni kweli. Inapanda polepole, ila haigandi. Kila ukitaka nusu nyingine, urefu wa mabano unazidishwa mara mbili, ndicho alichokuwa anaonyesha mwenzako kabla ya koti.

Ngongoti: Nimesoma huyo Oresme baadaye alikuwa askofu wa Lisieux. Kwa hiyo leo amefutwa baba askofu.

Fundi Bureti: Nyie wa hesabu mnalia na koti, njooni kemia muone. Bureti zinavuja hatari. Nimeweka besi kwenye chupa, POP ndani (ile dawa inayogeuka waridi kwenye besi), rangi ya waridi safi kabisa, nageuka kuchukua kalamu, asidi imejidondokea yenyewe, rangi hakuna! Koki sijaigusa! Halafu naulizwa kwa nini ujazo wangu haufanani na wa wenzangu.

Binti Tezi: Afadhali nyie mna POP. Biolojia darubini moja tunapanga foleni kama kisimani, ukifika zamu yako mtu ameshagonga slaidi imepasuka.

Chaki Kwenye Kucha (mleta uzi): Jamani uzi ni wa UBAO. Fungueni wenu wa bureti.

Bumu Limekata: Kwani bumu limeingia? Mwenye taarifa.

Mzee wa Sapu: Halijaingia.

Pendulumu: Fundi Bureti usilie, fizikia ndio jehanamu yenyewe. Nimefanya prakitiko ya pendulumu kwa jasho langu, nikachora T² (T ni muda wa bembeo moja, kwenda na kurudi) kwa urefu, mteremko ukatoka 4.3, g ya mvutano wa dunia ikawa 9.2. Naambiwa nirudie mpaka nipate 9.8! Waliopika data kwenye vimbweta dakika tano kabla ya kukusanya wamepata zote. Mimi niliyepima nimepata nusu!

Fundi Bureti: Ulipima uzi mpaka kwenye fundo. Urefu ni mpaka katikati ya bobu, kile kitufe kinachoning'inia.

Pendulumu: Mkuu hata ningepima mpaka kwenye fundo, kosa ni lile lile kwa kila urefu. Mstari unahama tu, mteremko haubadiliki. Chora uone.

Kombi_PCM: Hapo Pendulumu yuko sahihi. Mimi nadhani uliachia bobu kwa pembe kubwa. Ile fomula ni ya pembe ndogo, ukivuta bobu mpaka karibu na sikio T inarefuka na g inashuka.

Chaki Kwenye Kucha (mleta uzi): Kwa koti, wakuu. Dasta ipo mezani.

Pendulumu: Sikuvuta mpaka sikio. Nyuzi 40 hivi.

Kombi_PCM: 40!!! Ndugu yangu, kaa chini ya 10. Hiyo 9.2 umeitengeneza mwenyewe.

Fundi Bureti: Na mimi nasema bado fundo lina lake.