Kamera ndogo ya kufuatana na D750

Mkaazi wa Mkunazini:
Asalaam alaykum. Harusi napiga kwa kamera yangu kubwa, Nikon D750, na lenzi ya milimita 24-70. Kazini sina neno nayo. Lakini nikipita nayo Darajani, muuza pweza hugeuza uso, au huniuliza, "Gazeti gani hilo?" Nataka ndogo ya mfukoni: Ricoh GR III au Sony RX100 VII? Simu ninayo, msinambie simu.

Babu Lenzi:
Waalaykum salaam. Chukua Ricoh. Gramu 257 pamoja na betri, na kihisi chake, kile kinachopokea mwanga, ni cha ukubwa wa APS-C, eneo lake kama mara tatu ya kile cha inchi moja cha Sony. Lenzi ni 28 tu, pana, haivuti vya mbali. Ukitaka uso wa mtu, msogelee umwamkie kwanza, ndo adabu.

Mpemba wa Wete:
Babu, na jua la saa saba je? Ricoh haina pa kuchungulia, kwenye kioo cha nyuma huoni kitu. Sony ina kidirisha kinachochomoza, tena inavuta 24 hadi 200. Ngalawa ikiwa mbali utaipata. Halafu zote mbili hazikuzibwa vumbi wala maji. Mchanga wa Nungwi ukiingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi, umekwisha.

Mkaazi wa Mkunazini:
Ngalawa nazipiga kwa ile kubwa. Mie vichochoro na kahawa ya jioni Jaws Corner, penye mwanga kidogo. Basi Ricoh. Betri ya akiba lazima?

Babu Lenzi:
Mbili. Inakula chaji hiyo!