Begi la fundi umeme: seti ya Kichina, vipande vya Kijerumani au mtumba wa Gerezani?

kijana_wa_fezi (Dar es Salaam)

Wakubwa shikamooni. Nimemaliza chuo cha ufundi VETA, sasa nashikizwa na fundi mmoja huku Mbagala, wiring za nyumba za kawaida tu, single fezi. Vifaa naazima, na nimechoka kuulizwa kila saa "plaizi yangu iko wapi?" Nimejikusanya laki mbili. Naona njia tatu: seti ya Kichina ya Ingco au Total iliyoandikwa 1000V, hapo hela inatosha na chenji inabaki. Au za Kijerumani, Knipex na Wera, moja moja, ila naona laki mbili inaishia kwenye vipande vitatu. Au niende mtaa wa Gerezani, kwenye vyuma vya mtumba, nichakure vya Ulaya. Mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

Koleo_la_Mzee (Dar es Salaam)

Marahaba. Mtumba, bila kuuliza mara mbili. Plaizi yangu ni Knipex ya milimita 180, nimeiokota kwenye rundo la vyuma miaka 16 iliyopita na bado inakata waya kama mkasi unavyokata kitambaa. Ukiiangalia kwenye makali utaona kitundu cha nusu duara, kama kichwa cha kiberiti. Siku hiyo nilimtuma kijana akazime breka, akazima ya chumba kingine, nami nikaikata kebo ya 2.5 yote kwa pamoja, moto na nyutro. Ikalia paa! Breka ikaruka, chuma kikayeyuka hapo, mkono wangu haukusikia kitu. Kitundu chenyewe siku hizi nakitumia kuchunia waya wa 1.5, kinakaa sawasawa kabisa.

Mwajuma_Nyaya (Tanga)

Mzee wangu, heshima yako, lakini hicho kisa ndicho kinachonifanya nimkataze mdogo wetu kununua mtumba wa kifaa chenye mpini wa kuzuia umeme. Mkono wako haukusikia kitu kwa sababu ganda la mpini lilikuwa zima. Plaizi ya Gerezani imepita kwa nani? Imechovywa kwenye mafuta gani? Ufa ukiwa mwembamba kama unywele huuoni, umeme unauona.

Kijana, sikiliza. Mpini mwekundu peke yake hauna maana. Plaizi nyingi za bei ya chee zimechovywa plastiki ili zisiteleze mkononi, basi. Tafuta pembetatu mbili zilizopishana na maandishi ya 1000V kwenye kifaa chenyewe, siyo kwenye boksi. Ile alama inatokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, na kifaa cha hivyo hupimwa kwa volti 10,000 kabla ya kuruhusiwa kutumika kwenye 1,000. Nyingi nzuri zina ganda la rangi mbili, moja juu ya nyingine. Ukiona rangi ya ndani imechungulia, hiyo sasa ni plaizi ya kukatia waya wa fensi.

Mtumba nunua nyundo, patasi, msumeno, springi ya kukunjia paipu. Hapo namuunga mkono mzee.

Otis_wa_Umoja (Nairobi)

Hapa Nairobi ni hadithi ileile, Kirinyaga Road utapata "1000V" za kila bei. Mimi naongeza kitu ambacho wengi hawakiangalii: ncha ya bisibisi. Skrubu za sekiti breka nyingi si za msalaba wa kawaida. Ukitazama kichwa utaona vimstari vyembamba katikati ya mikono ya msalaba. Hiyo ni Pozidriv, inataka bisibisi ya PZ2. Ukiiwekea PH2, ile ya msalaba wa kawaida, inaingia, inacheza, unakaza ukidhani imekaza, kumbe ncha inapanda na kula kichwa. Terminali inabaki legevu, inapata joto, na baada ya miezi unaitwa kwa sababu distribution board, boksi la breka, inanuka plastiki.

Nilinunua seti fulani ya bei rahisi, sitaitaja. Bisibisi sita, zote za msalaba zilikuwa PH. PZ hata moja hakuna, na kwenye boksi imeandikwa "ya fundi umeme". Baada ya wiki tatu ncha ya PH2 ilikuwa imeviringika kama penseli ya mtoto wa chekechea.

Kwa hivyo mimi ningeweka pesa kwa bisibisi: PZ2 moja na bapa mbili, zenye ganda mpaka karibu na ncha. Wera au Wiha, yoyote.

Salim_Muscat

Nyote mmesema plaizi na bisibisi, hakuna aliyetaja testa. Nimefanya kazi Dar miaka saba kabla ya kuja Oman, naijua ile testa ya bisibisi yenye taa ndani. Kila fundi anayo mfukoni, na ndiyo ninayoiogopa kuliko vyote. Inategemea mwili wako ukamilishe njia. Panda ngazi ya mbao na viatu vikavu, taa inawaka kwa kujikongoja au haiwaki kabisa, nawe unasema hakuna umeme. Nyutro ikikatika huku friji imechomekwa, itakuwakia matundu yote mawili ya soketi na utazunguka nyumba mchana kutwa.

Multimita, ile mita ya kupimia volti, nayo ina yake. Waya ambao haujaunganishwa popote, ukilala ndani ya paipu moja na waya wa moto, unaweza kukusomea volti 70 au 90 za hewa.

Nunua testa ya pini mbili. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, pima unapotaka kugusa, kisha rudi tena kwenye ile soketi. Betri huwa zinakufa katikati.

Koleo_la_Mzee

Salim umenipata. Ile testa nimeitumia miaka 20 na bado napumua, lakini sisemi ni kwa akili yangu.

Mwajuma, mpini nitautazama leo kwa miwani.

kijana_wa_fezi

Asanteni sana. Nimetoka Kariakoo jioni hii. Nimechukua testa ya pini mbili, bisibisi ya PZ2 na bapa moja zenye pembetatu mbili, zote mpya. Plaizi nimechukua ya Total yenye alama, itanivusha kwa sasa. Kisu cha kuchunia sijanunua, fundi wangu anachuna kwa meno na ananicheka nikitafuta kisu. Imebaki 14,000. Mzee, springi ya kukunjia paipu ya milimita 20 ya mtumba naipata siku gani?

Mwajuma_Nyaya

Kwa meno! Mwambie huyo fundi wako waya wa 1.5 ukishatiwa kovu unakatikia ndani ya soketi. Nunua kisu kesho.

Koleo_la_Mzee

Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi, mzigo mpya ukimwagwa. Nitakuwepo. Usije na fundi wako, ataiazima kabla hujailipia.